Vyuma mguuni, daftari mkononi: maswali tunayoulizwa kuhusu mtoto aliyerefushwa mguu na kuanza darasa la kwanza

Mwanetu aliingia darasa la kwanza hapa Mikindani, Mtwara, akiwa na pete za chuma zimezunguka muundi wa mguu wa kulia. Tangu hapo mlango wetu hauishi kubishwa. Wengine ni wazazi ambao watoto wao wameandikiwa rufaa, wengine ni walimu, na wengine, niseme ukweli, walikuja kushangaa tu. Nimeyakusanya hapa maswali yanayorudi mara nyingi. Mimi ni mama, si daktari. Daktari wako akikwambia tofauti na haya, mfuate yeye, kwa maana yeye ndiye aliyeona eksirei ya mwanao.

Hivyo vyuma vinarefushaje mfupa? Vinauvuta kama mpira?

Hapana. Daktari anaukata mfupa kwa uangalifu, halafu anaushika juu na chini kwa nyaya na misumari inayopita kwenye ngozi na kufungwa kwenye pete za nje. Kwa siku kama 7 hivi hakuna kinachoguswa, mwili unaachwa uanze kuponya pale palipokatwa. Baada ya hapo nati za vyuma zinazungushwa kidogo kidogo. Kawaida ni robo ya milimita mara nne kwa siku, yaani milimita 1 kwa siku. Pengo linapofunguka polepole namna hiyo, mwili unalijaza mfupa mpya, na nyama, mishipa na ngozi vinafuata. Ukienda mbio, mfupa haujai na mishipa ya fahamu inaumia. Ukienda polepole mno, mfupa unaunga kabla hujafika.

Njia hii aliikuza daktari mmoja wa Urusi, Gavriil Ilizarov, katika mji wa Kurgan huko Siberia, kuanzia miaka ya 1950. Kwa hiyo si jaribio jipya, kama jirani mmoja alivyotaka kuniaminisha.

Kwa nini msisubiri apone ndipo aanze shule?

Hili tuliulizwa hata na watu wa ndani ya ukoo. Mwanangu alizaliwa na mguu mmoja mfupi. Alipofika miaka 6 tofauti ilikuwa sentimeta 4, na kila mwaka ilikuwa inaongezeka. Alifanyiwa upasuaji Agosti. Tungesubiri vyuma vitoke, mguu upate nguvu, aache magongo, tungempotezea mwaka mzima. Wenzake wote wa mtaani wangekuwa wameshajua kusoma, yeye yuko barazani anahesabu bajaji.

Tena kuna jambo ambalo sikulijua mpaka mtaalamu wa mazoezi aliponieleza: daktari akisharuhusu kukanyaga, kukanyaga huko ndiko kunakoufanya mfupa mpya ukomae. Mtoto anayekaa kitandani siku nzima hajilindi. Safari ya kutoka dawatini hadi mlangoni, na kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe, ni dawa ambayo nyumbani nilikuwa nambembeleza ainywe na hataki. Shuleni aliinywa bila kuambiwa.

Vinakaa muda gani?

Kadirio tulilopewa ni mwezi mmoja au zaidi kidogo kwa kila sentimeta. Watu wengi wanachanganya hapa. Kuzungusha nati kwa sentimeta 4 ni siku 40 tu, lakini baada ya hapo vyuma vinabaki, maana mfupa mpya bado ni laini kama dafu. Sisi tulizungusha Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba, tukiwa Dar es Salaam kwa dada yangu, kwa sababu kipindi kile eksirei ilikuwa inatakiwa kila baada ya wiki moja au mbili. Vyuma vilitoka mwezi wa pili. Ukipiga hesabu, shule ilipofunguliwa Januari kazi ya spana ilikuwa imekwisha, iliyobaki ilikuwa ya usafi na mazoezi.

Kama una nafasi ya kuchagua tarehe, ichague hivyo. Zungumza na daktari mapema, umwambie mtoto anaanza shule lini.

Na kama shule inafunguliwa nati bado zinazungushwa?

Mama mmoja niliyekaa naye wodini ilimkuta hivyo. Alichofanya ni kuomba wapangiwe saa zinazoikwepa shule: saa 12 asubuhi, saa 7 mchana mtoto akisharudi, saa 12 jioni, na saa 3 usiku. Zamu si lazima zilingane kwa dakika, lakini usijipangie mwenyewe, muulize daktari. Spana isiende shuleni. Mwalimu wa darasa la kwanza ana watoto wengi wa kuangalia, usimbebeshe na hilo.

Ukisahau zamu moja, usizungushe mbili kwa mpigo ili kufidia. Piga simu uliza. Na uwe na daftari, kila zamu uweke alama. Baba yake na mimi tulikaribia kugombana siku moja kila mmoja akidhani mwenzake amezungusha.

Shule inaweza kumkataa?

Haitakiwi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma pamoja na wenzake, na Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inamlinda. Hata hivyo shule ya kwanza tuliyokwenda ilituambia "mleteni akipona". Hawakuwa na ubaya, waliogopa tu asije akaangukia mikononi mwao. Shule ya pili tulikwenda tofauti: tulikwenda naye. Alitembea kwa magongo mpaka ofisini, akamwamkia mwalimu mkuu, "Shikamoo mwalimu", akakaa. Mazungumzo yalichukua dakika kumi.

Kama mambo yakigoma, nenda kwa afisa elimu kata, na umhusishe afisa ustawi wa jamii. Barua ya hospitali inayosema mtoto anaruhusiwa kusoma inasaidia sana, iombe siku ya kuruhusiwa. Kuirudia baadaye ni safari ya zaidi ya kilomita 500.

Tumwambie mwalimu nini?

Machache, na yaandikwe kwenye karatasi. Yetu ilikuwa na mambo haya: asisukumwe, vyuma visishikwe, asipige magoti, akae mbele pembeni. Tuliandika pia namba zetu mbili za simu na dalili za kumpigia mama mara moja.

Kuhusu kukaa: dawati la watoto watatu lina shida yake. Tulijaribu kumweka upande wa njia, kila anayepita akawa anagonga vyuma kwa begi. Tukamhamishia dawati la mbele kabisa, mguu ukielekea ukutani ambako hakuna anayepita. Babu yake alichonga kigoda cha kupumzishia kisigino. Kisigino, nasisitiza, si goti. Ukiweka mto chini ya goti mtoto anasikia raha, lakini goti linajikunja na kuzoea kukunja, na kulinyoosha tena ni kilio.

Choo cha shule je?

Nilikuwa nimehangaika na nati, dawa na nauli, choo sikukifikiria hata kidogo mpaka wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Vyoo vya shule zetu nyingi ni vya kuchuchumaa. Mtoto mwenye vyuma kwenye muundi, goti limekaza, hawezi kuchuchumaa, na akijaribu anaweza kuanguka kwenye sakafu yenye maji. Watoto wakiona hivyo wanachofanya ni kujizuia. Hawanywi maji tangu asubuhi wasije wakahitaji choo, na joto letu la Januari unalijua. Wanarudi nyumbani kichwa kinauma, mkojo wa njano kama chai.

Fundi seremala alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati na mikono miwili ya kushika, kinawekwa juu ya tundu la choo. Kilikaa kwenye choo cha walimu, mwalimu mkuu akampa mwanangu ruhusa ya kutumia choo hicho. Mjomba wake alikuwa akisoma darasa la tano hapohapo, ndiye aliyepewa kazi ya kumsindikiza. Ndiyo, mjomba wa darasa la tano, mdogo wangu wa mwisho. Kwetu si ajabu.

Fanya jambo hili kabla ya kununua madaftari.

Atavaaje sare?

Kaptula ya kawaida haipiti kwenye pete. Fundi cherehani akafungua mshono wa nje wa mguu mmoja, akatia vishikizo kuanzia pindo hadi kiunoni. Kwa msichana sketi inamaliza kazi. Vyuma vyenyewe tulivivisha mfuko wa kanga wenye mpira juu na chini. Unazuia vumbi na nzi, na watu wakikutana naye njiani hawaishii kukodoa macho. Ushone mitatu, maana lazima ufuliwe kila siku.

Kiatu: mtaalamu aliangalia kama urefu umeshalingana, akatuambia tuondoe soli ya kuongezea. Usiondoe wala kuongeza kwa kukisia.

Bodaboda inafaa?

Hapana. Bajaji, akae kiti cha nyuma peke yake na mguu umenyooshwa juu ya kiti. Kama shule iko karibu, mtembeze kwa magongo na utoke mapema.

Januari ni mvua. Vitundu vya misumari vitaoza?

Mvua yetu ya Kusini inaanza Novemba au Desemba na kwenda mpaka Aprili, Mei, kwa hiyo shule inafunguliwa kwenye tope. Vitundu haviozi kwa mvua, vinaharibika kwa uchafu kuachwa. Tuliambiwa tusafishe kila siku, hospitali nyingine huelekeza kila wiki, fuata ya kwako. Unanawa mikono kwa sabuni, unatumia maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa au dawa uliyopewa, na kila kitundu kinapata chachi yake. Chachi moja isizunguke vitundu vyote, utahamisha ugonjwa kutoka hapa kwenda pale. Mfuko wa kanga ukilowa tope, unavuliwa palepale, kwa hiyo mmoja wa akiba ukae kwenye begi.

Wageni walituletea majani, asali, na mafuta ya aina aina. Tulishukuru, tukaweka kabatini.

Baharini ni marufuku mpaka daktari aseme. Kwa mtoto wa Mikindani hii ndiyo adhabu kubwa kuliko upasuaji wenyewe.

Nitajuaje kwamba kuna hatari?

Majimaji mepesi kidogo kwenye kitundu ni kawaida. Wekundu unaotanuka, usaha, harufu, msumari unaocheza, maumivu ya kitundu kimoja yanayozidi, au homa: hapo nenda hospitali siku hiyohiyo. Maambukizi ya vitundu yanawapata watoto wengi na mara nyingi yanatibika kwa dawa za kumeza yakiwahiwa. Yetu yalikuja mara mbili.

Yasiyosubiri kabisa ni haya: vidole vya mguu kufa ganzi, kupoa au kubadilika rangi, mtoto kushindwa kuvinyanyua, au goti kuanza kukataa kunyooka. Kama bado mnazungusha nati, pigeni simu kwa daktari kabla ya zamu inayofuata. Usirudishe nati nyuma kwa uamuzi wako.

Kwa huku kwetu Mtwara anzia hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Walio upande wa Lindi wana hospitali ya Sokoine, wa Masasi wana Ndanda, na Nyangao iko njiani kati ya Lindi na Masasi. Hata kama aliyepasua yuko Dar es Salaam, kitundu chenye usaha hakihitaji kupanda basi usiku kucha. Eksirei pia tulikuwa tunapiga hapahapa kila mwezi, tunapiga picha kwa simu na kumtumia daktari. Uliza mapema kama daktari wako anakubali.

Na weka akiba ya chachi na dawa ya wiki mbili zaidi. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Somanga, magari yakakwama. Mwenye mgonjwa asitegemee kwamba basi lipo kila siku.

Anasinzia darasani. Ni uvivu?

Usiku ndio wakati mguu unaouma. Kipindi cha kuzungusha nati mwanangu alikuwa anaamka mara tatu. Baadaye ilipungua, lakini mwalimu alijua, hivyo akisinzia saa 4 hakuchapwa wala kuchekwa. Dawa ya maumivu mpe ile uliyoandikiwa, kwa kipimo chake. Usinunue nyingine dukani kwa sababu ya jirani ilimsaidia.

Mazoezi yanafanyika saa ngapi kama mtoto yuko shule?

Sisi: asubuhi kabla ya chai, mchana akirudi, jioni, na kabla ya kulala. Mawili makubwa yalikuwa kunyoosha goti mpaka nyuma ya goti iguse mkeka, na kuvuta unyayo uje juu kwa kanga iliyopitishwa chini ya vidole. Mfupa unapozidi urefu, misuli ya nyuma ya mguu inabaki fupi, inavuta kisigino juu. Mtoto asipofanyiwa mazoezi unaweza ukapata mguu mrefu unaokanyagia vidole. Ndiyo maana nasema nati ni kazi rahisi, mazoezi ndiyo upasuaji wa pili, na huu wa pili daktari wake ni wewe.

Atalia. Mimi nililia chooni nisionekane. Kilichotusaidia ni kuhesabu: anahesabu yeye, si mimi, na akifika 20 tunaachia. Kwa hiyo alikwenda darasa la kwanza anajua kuhesabu mpaka 20 vizuri sana.

Wenzake hawamsumbui?

Siku ya kwanza walimzunguka. Mwalimu akafanya jambo la busara: akamwita mbele, akamwacha aeleze mwenyewe. Akawaambia hivi ni vyuma vya kukuza mguu, haviumi ukiviangalia, vinauma ukivigusa. Jina la "Roboti" alipewa siku hiyohiyo, na amelipenda. Mtu mzima mmoja ndiye aliyemwita kiguru mbele yangu. Huyo nilimjibu.

Vyuma havitavuta radi?

Nimeulizwa mara nyingi kuliko swali lolote, na mvua za huku zina radi kweli. Havivuti. Ngurumo zikianza aingie ndani kama mtoto mwingine yeyote.

Ale nini mfupa ukue?

Dagaa wazima na mifupa yao, mayai, maziwa ukipata, mbaazi, maharage, korosho, mchicha. Karibu vyote viko kwenye soko letu. Supu ya kongoro ni tamu, mpe, lakini usiitegemee irefushe chochote.

Na madrasa?

Alikwenda, akikaa kwenye kiti badala ya mkeka. Kuhusu udhu na kuswali kwa kukaa, sheikh wetu alitueleza vizuri bila kutubebesha uzito: palipofungwa panapitishwa mkono wenye maji juu yake. Muulize wa kwako.

Mwaka huu ndio zamu yake ya jando. Itakuwaje?

Mjomba wake mkubwa, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli, alikuwa ameshahesabu siku. Nilimwogopa kuliko daktari. Tulimpeleka kliniki akasikia kwa masikio yake: mtoto mwenye misumari inayopita kwenye mfupa asiongezewe kidonda kingine, na kambini hakuna wa kumsafisha vitundu. Alinyamaza njia nzima ya kurudi. Kisha akasema mtoto ataingia na kundi linalofuata, na kukata kutafanyika hospitalini. Kama kwenu kuna mjomba wa namna hiyo, usipeleke maneno ya daktari, mpeleke mjomba mwenyewe.

Gharama?

Msamaha wa watoto kwenye hospitali za serikali ni kwa walio chini ya miaka 5, kwa hiyo mtoto wa darasa la kwanza ameshavuka. Kama huwezi, onana na ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya upasuaji, si siku ya kutoka. Halafu piga hesabu ya nauli na malazi, hivyo ndivyo vilivyotumaliza sisi. Kama una mikorosho, pesa yake inakuja kati ya Oktoba na Desemba, wakati nati zetu zilikwisha mwanzoni mwa Oktoba. Tulikopa.

Vyuma vikitoka ndiyo amepona?

Hapana, na kipindi hiki kinadanganya kuliko vyote. Mguu unaonekana mzuri, vitundu vinafunga ndani ya wiki chache, mtoto anataka mpira. Mfupa mpya ndio kwanza umeachiwa usimame wenyewe, unaweza kuvunjika kwa kuruka ngazi moja. Wetu aliwekewa plasta ngumu ya kushikilia mfupa, akaendelea na magongo, na mwalimu tukamwandikia karatasi mpya kwa sababu ile ya kwanza ilisema "vyuma" na vyuma havikuwepo tena. Michezo aliruhusiwa baada ya eksirei, si baada ya kalenda.

Miguu itabaki sawa daima?

Inategemea chanzo. Kama mguu ulifupika kwa ajali iliyounga vibaya na sehemu ya mfupa inayokua haikuguswa, huenda ikabaki sawa. Kama mtoto alizaliwa hivyo, mguu ule utaendelea kukua taratibu kuliko mwenzake. Mwanangu tuliambiwa tangu mwanzo kwamba bila tiba, zile sentimeta 4 za miaka 6 zingeweza kupita 6 akiwa mtu mzima, na kwamba huenda akahitaji upasuaji mwingine kabla hajamaliza kukua. Wazazi wengine wanasema heri wasingeambiwa. Mimi heri niliambiwa.

Sasa yuko darasa la tatu. Kila Desemba tunampima kwa kumsimamisha juu ya vibao vyembamba mpaka kiuno kilale sawa. Mwaka jana kibao kilichohitajika kilikuwa chembamba kuliko soli ya kandambili.